Mtamba wa Chumba Namba Nne

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na mwenye simu aiweke kifudifudi. Nina kesi ya watu watatu. Nimewapelekea watu wenye akili kunizidi, na kila mmoja kaamua lake. Leo nawapa ninyi.

Mambo haya yametokea Mbeya, kwenye ofisi moja ya bima iliyo ghorofa ya tatu, ambako mimi ni dereva. Watu wenyewe ni hawa.

Wa kwanza anaitwa Gwakisa, fundi umeme wa ofisi. Kipaji chake kiko mikononi. Akikufungia taa, utahama nyumba na kuiacha inawaka.

Wa pili ni Elikana Sanga, afisa utawala. Kipaji chake kiko machoni. Mpe karatasi yenye tarakimu mia nne, ataweka kidole kwenye ile moja isiyokaa sawa na wenzake.

Wa tatu ni Subilaga, dada wa mapokezi. Kipaji chake kiko ulimini. Hajawahi kusema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mtu amependeza. Ukitaka kujua nani kaingia na nani katoka, muulize Subilaga.

Yupo na wa nne, Atuganile, aliyekuwa akifanya usafi. Huyo simpi kipaji. Huyo ndiye aliyeumia.

Ofisi yetu ina vyumba vitano vya mikutano, na kila asubuhi vilikuwa vinagombaniwa. Mtu anaandika jina lake kuweka nafasi, halafu haji. Mwingine anaingia bila kuandika. Wateja wanasimama kwenye korido na mafaili yao huku milango imefungwa, na hakuna anayejua ndani kuna watu au kuna viti vitupu. Mkurugenzi alikuwa ameshakata tamaa, anataka kukodi ghorofa ya juu. Ndipo akasikia habari za vifaa vinavyofungwa darini vikahisi kama chumba kina mtu. Juu ya mlango inawekwa taa. Ikiwa nyekundu, kuna mtu. Ikiwa kijani, ingia.

Kazi akapewa Gwakisa. Alipitisha nyaya juu ya dari siku nne, vumbi likamgeuza rangi. Siku ya tano akagundua tatizo: mtu akikaa kimya anasoma, kifaa kinadhani hayupo, taa inageuka kijani, na watu wanamvamia. Gwakisa hakuridhika. Akapanda ngazi na bisibisi yake ndogo, akavirekebisha kimoja kimoja hadi vikaweza kuhisi kifua cha mtu kikipanda na kushuka.

Jumatano moja alikuwa anavijaribu. Chumba namba nne, kile kidogo cha mwisho, kilikuwa kinaonyesha nyekundu. Akachungulia, hakuona mtu. Akadhani kifaa kimeharibika, akaingia. Nyuma ya meza, juu ya zulia, alikuwa amelala mama mmoja mtu mzima. Mguu wake wa kulia umefungwa bendeji na umeinuliwa juu ya kanga zilizokunjwa.

"Nisamehe, mwanangu," alisema yule mama. "Namsubiri binti yangu Atuganile amalize kazi. Natoka kusafishwa kidonda. Daktari amekataza mguu usining'inie."

"Lala tu, mama," Gwakisa alimjibu.

Alitoka akarudishia mlango taratibu. Pale nje alisimama na bisibisi mkononi. Robo mzunguko tu kurudi nyuma, na kifaa kisingemwona tena mtu aliyelala. Alilifikiria hilo. Aliniambia mwenyewe kwamba alilifikiria. Lakini alijiambia, "Nitakuwa nimefunga kifaa kibovu kwa makusudi." Akaweka bisibisi mfukoni.

Wiki mbili baadaye Elikana alifungua kompyuta asome vifaa vimeona nini. Hakuchukua hata robo saa. Chumba namba nne: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, nyekundu tupu. Na hakuna jina hata moja lililoandikwa. Elikana aliegemea kiti. Alikumbuka alishamwona Atuganile akielekea kule na kikombe cha uji. Kutoka mezani kwake hadi stoo ya mafagio ni hatua ishirini. Angeweza kwenda kumuuliza, "Dada, kuna nini kule?" Lakini mazungumzo ya namna hiyo ni mazito, na kuandika ni rahisi. Akaandika: *Chumba namba nne kinatumika bila idhini.*

Mkurugenzi alipoisoma akamwita Subilaga.

"Nani anaingia chumba namba nne?"

Subilaga na Atuganile walikuwa wanakula mchana sahani moja. Ni yeye aliyekuwa akimshika yule mama mkono kumtoa kwenye lifti. Ni yeye aliyejua kwamba chumba anachopanga Atuganile kiko juu kabisa mlimani, gari halifiki, na mguu ule usingeweza kupanda. Ndiyo maana mama akawa anakuja na gari la alfajiri kutoka Rungwe, anasafishwa kidonda, anapumzika pale hadi bintiye atoke ampeleke stendi.

"Subilaga, nimekuuliza."

Angeweza kusema hajui. Neno moja tu. Lakini ulimi wake haukuwa na mazoea nalo.

"Ni mama yake Atuganile," alisema.

Ijumaa ile Atuganile akapewa barua ya mistari miwili. Kosa: kumwingiza ofisini mtu asiye mfanyakazi. Hakupiga kelele. Alikunja aproni yake, akaweka funguo za stoo kwenye kaunta ya mapokezi, akamtazama Subilaga.

"Ulikuwa unaujua mguu wake," alisema. Akamfuata mama yake kwenye lifti.

Baada ya hapo ofisi ikatulia. Vyumba vikatosha. Anayeweka nafasi asitokee, jina lake likafutwa. Mkurugenzi akaachana na ile ghorofa ya juu, akawa anatembea kwenye korido akitazama taa kama mtu anayetazama shamba lake lililostawi. Mei Mosi ilipokaribia, akawaita wale watatu.

"Mwaka huu mfanyakazi hodari hapewi cheti na saa ya ukutani," alisema. "Nina mtamba wa maziwa, ana mimba ya miezi mitano. Ninyi ndio mmeondoa fujo hapa. Ila ng'ombe ni mmoja. Kaeni mkubaliane, Jumatatu mniletee jina."

Ijumaa wakakaa chumba namba nne. Mimi nilikuwa nimepeleka chai, nikajikuta nimebaki.

"Tusizungushane," alisema Gwakisa. "Bila kifaa changu mngeona nini? Kifaa cha kawaida kingemwona mtu akipunga mkono tu."

"Taa nyekundu ilikuwa pale kila siku, watu wanapita chini yake," alijibu Elikana. "Nani alijua ina maana gani? Ni ripoti yangu."

"Ripoti yako ilisema chumba kinatumika. Haikusema na nani," alisema Subilaga. "Mimi ndiye niliye..."

Akatazama zulia. Wakaagana bila jina.

Jumamosi Subilaga alikwenda Tukuyu kwenye msiba wa shangazi yake. Sokoni akamkuta Atuganile ameketi nyuma ya mikungu ya ndizi. Wakasalimiana kama watu wasiojuana vizuri. Subilaga akauliza hali ya mama.

"Alikatwa mguu mwezi wa tatu," alisema Atuganile. "Chini ya goti. Hakuwa tena na pa kupumzika, akashinda stendi mara mbili, mguu ukavimba. Akasema wiki hii tusiende hospitali. Na iliyofuata. Tulipokwenda, walituambia tumechelewa."

Jumatatu Subilaga akawaambia wenzake. Nilikuwepo, na nawaambia ukweli: sijawahi kuona watu wakigeuka vile. Maneno yalikuwa yaleyale ya Ijumaa, ila kila mmoja sasa aliyasukuma kwa mwenzake.

"Wewe ndiye uliyemtaja," Elikana alimwambia Subilaga.

"Ningemtaja nani kama usingeandika? Ulishindwa kwenda kumuuliza?"

"Ningeandika nini kama kifaa kisingemwona?"

"Kifaa ni kifaa," alisema Gwakisa. "Hakimfukuzi mtu kazi." Kisha akakaa chini, akafunika uso kwa mikono ileile yenye kipaji.

Mkurugenzi alipokuja kuuliza jina, walimwambia kwa pamoja: mtamba apelekwe kwa mama yake Atuganile. Akasema ng'ombe ameshawapa, wampeleke wanakotaka, na kwamba Atuganile akitaka kazi yake, aipate. Najua mtaniuliza: na mkurugenzi je, si ndiye aliyesaini barua? Kesi yake ipo. Lakini Rungwe hakuja, na Atuganile hakumtaja. Leo tubaki na waliokuja.

Jumamosi iliyofuata tulimpakia mtamba kwenye pikapu. Kule Rungwe tulimkuta mama ameketi kwenye kigoda mlangoni, kanga imefunika magoti, na chini ya kanga unatokeza unyayo mmoja. Akatukaribisha, akatuagizia viti. Alipomwona Gwakisa, uso ukamchangamka.

"Huyu namjua," alimwambia binti yake. "Ndiye kijana aliyenikuta ofisini akaniambia nilale. Akanirudishia mlango taratibu nisisumbuke. Ndaga fijo, mwanangu. Mungu akubariki."

Gwakisa alipiga magoti palepale. "Usinishukuru, mama. Mimi ndiye niliyekifanya kile kidude kikuone."

Akasimulia kuhusu bisibisi na robo mzunguko. Elikana naye akasimulia hatua zake ishirini. Subilaga alisema tu, "Mimi niliulizwa, nikajibu."

Mama akawa anafuta kanga yake kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. Atuganile ndiye aliyesema.

"Kazi yenu siitaki, siwezi kumwacha mama. Ng'ombe atabaki, anahitaji maziwa. Lakini ng'ombe anataka majani kila siku, na mwenye miguu hapa nyumbani ni mimi peke yangu. Basi nataka mmoja wenu. Yule aliyetuumiza kuliko wenzake. Atakuja kila Jumamosi mwaka mzima, atakata majani, atazoa samadi, na atakaa na mama yangu amtazame. Wawili waliobaki waende zao. Sitawadai neno."

"Tutakuja wote, dada," alisema Gwakisa. "Kwa zamu."

"Hapana. Kwa zamu, kila mmoja atajua kuna mwenzake. Ndivyo mlivyofanya mara ya kwanza. Nataka mmoja, na ajue kwamba ni yeye."

Gwakisa akasema, "Ni mimi. Mimi peke yangu nilimkuta amelala mle, nikakiacha kifaa kama kilivyo."

"Ni mimi," alisema Elikana. "Gwakisa alifunga kifaa tu, hakumshtaki mtu. Mimi ndiye niliyeandika, tena nikihisi ni nani."

"Ni mimi," alisema Subilaga. "Ninyi hamkujua kwamba hana pengine pa kupumzika. Mimi nilijua yote, na alikuwa rafiki yangu."

"Ulisema kweli," mama alimwambia kwa upole. "Ungedanganya?"

Atuganile akawatazama mmoja mmoja, halafu akanigeukia mimi niliyekuwa nimeegemea pikapu.

"Kaka dereva, wewe ulikuwepo, na huna lako hapa. Chagua wewe."

Jamani, nimtaje nani? Aliyemwona akaacha? Aliyehisi akaandika bila kuuliza? Au aliyejua kila kitu akasema kweli? Nikamwondoa mmoja kichwani, nikaona bila yeye wawili waliobaki wasingeweza kumdhuru mtu. Nikamrudisha, nikamwondoa mwingine, ikawa vilevile. Nikaomba wiki moja. Akanikubalia. Mwenyewe akachukua panga, akaenda kukata majani, na wale watatu wakasimama wanamtazama mgongo.

Wiki hiyo inaisha keshokutwa. Gari nimeshalijaza mafuta, na nafasi ya mbele ni ya mtu mmoja. Haya, ninyi mliosikia kesi yote: nimpakie nani?