Kofia Nyekundu Mia Tatu na Askari Mmoja

Babu wa babu yangu alikuwa jeshi zima la nchi ya Ngarambo. Sikusema alikuwa jeshini. Nimesema alikuwa jeshi. Hutaki? Bisha. Bisha kwa sauti majirani wasikie, kisha kaa kitako usikilize, na nikimaliza uje kuniomba radhi mbele ya majirani hao hao.

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akipitiwa na mfalme hulala kifudifudi hata kama njia ni tope, Ngarambo ilitawaliwa na Sultani Badawi. Alikuwa na askari mia tatu, na askari wale walikuwa wakorofi, wakila kuku wa watu na kuacha manyoya mlangoni. Basi Sultani akaona heri aunde, miongoni mwao hao hao, kikosi cha askari wa kuwakamata askari. Akawavika kofia nyekundu, wakaitwa Kofia Nyekundu. Na ili wasishawishike kwa kuku, akaamuru walishwe jikoni kwake, pilau mchana na jioni. Askari wa mkuki wakaachiwa muhogo wao wa kuchemsha.

Wewe ungechagua nini? Nao hawakuwa wajinga. Leo akahama mmoja, kesho wakahama kumi.

Ikawa kikosi kimenenepa, nacho kikataka vyeo. Wa chini kabisa akaitwa Mshika Kamba. Juu yake akawekwa Mfunga Fundo, maana Mshika Kamba hakuwa na ruhusa ya kufunga. Juu yake Mkagua Fundo, aliyelivuta fundo kwa vidole viwili na kusema "Mh." Juu yake Bwana Fundo, ambaye kazi yake ilikuwa kuarifiwa kwamba "Mh" imekwisha kusemwa. Na juu ya wote alikaa Jemadari Zahoro, mtu ambaye tumbo lake lilifika barazani kwanza, yeye akafuata. Kila walipomkamata mtu walitamka: "Kwa jina la Sultani, nimekushika!"

Siku moja mtu aliye kambani akampiga kofi muuza samaki sokoni, na Kofia Nyekundu wakasukumiana lawama mpaka samaki wakaoza. Sultani akakasirika, akatoa sheria: "Aliye kambani, kosa lake ni la aishikaye kamba." Ikaandikwa, ikatundikwa ukutani barazani, na kwa kuwa hakuna aliyeisoma, kila mtu akaisifu.

Hata ikafika Sikukuu. Sultani akatoka roshanini kutazama gwaride. Zikapita kofia nyekundu mia tatu, akapiga makofi, kisha akangoja. Hapakupita mtu.

"Jemadari, jeshi li wapi?"

"Bwana wangu, umri wako na uzidi, limepanda cheo."

"Lote?"

"Lote, Bwana wangu."

"Basi ninyi mnamkamata nani?"

Jemadari akafikiri. "Kwa sasa tunajiandaa."

"Haya, jiandaeni na njaa," akasema Sultani. "Kesho nisipoona askari wa kukamatwa, jiko nalifunga."

Weee! Mtu amezoea pilau umwambie jiko linafungwa? Jemadari akatoka mbio, akamkumba mtu wa kwanza aliyekutana naye njiani. Huyo alikuwa Chande, msuka mikeka, fukara ambaye mali yake yote ilikuwa kikoi kimoja na mdomo. Alikuwa amemwoa Riziki miezi mitatu tu, na siku ile alikuwa amebeba miyaa ya kumsukia mkeka wa chumbani. Wakamnyang'anya miyaa, wakampa mkuki. Na sheria ilikuwa wazi: askari hatoki jeshini ila kwa neno la Sultani.

Basi Chande akawa jeshi. Mimi shule niliiacha mapema, lakini mia tatu kwa mmoja naweza kuigawa. Siku ya kwanza alikamatwa mara kumi na nne. Alikamatwa kwa kukosa kifungo, akakishona, akakamatwa kwa kushona bila idhini. Aliwapigia saluti wakubwa wake mia tatu mpaka mkono ukamfa ganzi, na alipoushusha akakamatwa kwa kuushusha.

Riziki alikuja getini na kikapu cha chakula, akamkuta mumewe kambani.

"Mume wangu, umefanya nini tena?"

"Nimepiga chafya."

"Na hiyo ni kosa?"

"Nilipiga kabla ya Bwana Fundo."

Riziki akawatazama wale watu waliojipanga nyuma ya kamba, mashavu yanang'aa kwa samli. "Hawa hawakuchukii, baba," akasema. "Wewe ndiye chungu chao. Hawatakuepua mpaka ufe."

Neno lile likamkaa Chande moyoni. Kesho yake akaenda barazani, akapiga magoti.

"Ewe Sultani, naomba kurudi kwa mke wangu."

Sultani siku ile alikuwa anataka kucheka. Akasema, "Nitakuachia. Kaa siku moja tu, tangu alfajiri hadi alasiri, pasitendeke kosa lolote la askari. Likitendeka hata moja, utakaa gerezani miaka kumi. Wakubali?"

Baraza lote likacheka, maana kofia mia tatu zikimtazama, hata kupumua kwake kungeonekana kosa. Chande akainua macho ukutani, akaisoma sheria iliyotundikwa pale kwa mara ya kwanza tangu iandikwe. Akasema, "Nakubali, Bwana wangu."

Alfajiri akajifunga kamba mkononi mwenyewe, akaenda mpaka mlangoni kwa Jemadari Zahoro, akabisha hodi.

"Unataka nini, weye mdudu?"

"Shikamoo, Jemadari. Watu wanasema nitajificha msituni mpaka alasiri ipite. Nimeona nikuletee kamba uishike mwenyewe, nisitoroke."

"Kushika kamba ni kazi ya wadogo!"

"Kweli. Lakini leo ni siku ya kuliokoa jiko. Utamwachia sifa hiyo Mshika Kamba?"

Jemadari akaitazama kamba, akaliwaza jiko. Akaidaka. "Kwa jina la Sultani, nimekushika!" akanguruma, nao wote wakashangilia.

Hapo sasa! Chande alikwenda gwarideni akalala chali, akakoroma. Akaamka, akampita Bwana Fundo bila kumtazama, akampigia saluti jogoo. Akavaa shati nje ndani. Akauchoma muhogo kwa ncha ya mkuki wa serikali. Kila kosa Jemadari alilipigia fundo kwenye uzi, Mkagua Fundo akalivuta, akasema "Mh," na furaha ya Jemadari ikazidi. Kisha Chande akamwongoza mpaka chini ya roshani ya kasri, akapaza sauti:

"Enyi watu, tazameni kilemba cha Sultani! Si kama kuku anayeatamia?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mmoja alicheka mpaka akaushika ukuta. Jemadari akapiga fundo la arobaini na moja.

Alasiri baraza likajaa. Riziki alisimama karibu na mlango, khanga ameiuma kwa meno.

"Makosa mangapi?" akauliza Sultani, naye uso umemwiva kwa ile habari ya kuku.

"Arobaini na moja, Bwana wangu, na kila fundo limekaguliwa."

"Ni arobaini na mbili," akasema Chande. "Moja nililifanya Jemadari akiwa anakula. Lakini naomba ile ya ukutani isomwe."

Mwandishi akasoma: "Aliye kambani, kosa lake ni la aishikaye kamba."

"Alfajiri hadi alasiri nilikuwa kambani," akasema Chande. "Na kamba ile pale, mkononi."

Macho yote yakaenda kwenye mkono wa Jemadari. Jemadari akaiachia kamba kana kwamba ni nyoka, akaanguka kifudifudi.

"Bwana wangu, mimi siishiki kwa jina langu! Nilitamka mbele ya watu! Kamba zote za nchi hii tunazishika kwa jina lako! Kamba ni yako!"

Watu wote wakamgeukia Sultani. Ungesikia fundo likikaguliwa.

Chande akajishika kichwa. "Salaale! Jemadari, unasema Sultani amejiita kuku?"

Sultani akapiga hesabu. Akisema kamba si yake, kila aliyefungwa kwa jina lake atadai kufunguliwa. Akisema ni yake, amelala gwarideni, amemsalimu jogoo na amekitukana kilemba chake mwenyewe. Akawatazama Kofia Nyekundu mia tatu, wote wanaitazama dari. Mara bega lake likatikisika, akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikaenda upande, kikafanana na kuku kwelikweli.

"Leo," akasema akijifuta machozi, "halikutendeka kosa lolote."

"Basi niko huru, Bwana wangu."

"U huru. Na wewe Zahoro, mafundo hayo arobaini na moja yafungue. Kwa meno."

Chande akapewa kanzu na gunia la mchele, akatoka na Riziki wake bila kumpigia mtu saluti.

Haya, niombe radhi sasa. Hutaki? Unauliza babu wa babu yangu aliingilia wapi?

Hapo nilipapita haraka, sikutaka aibu. Chande alipofika mlangoni, Sultani alimwita: "Ngoja kwanza, nani atakuwa jeshi sasa?" Naye Chande hakufikiri hata kidogo. Akamnyooshea kidole yule mtu aliyecheka mpaka akaushika ukuta. Huyo ndiye babu wa babu yangu. Alikuwa jeshi zima la Ngarambo kwa miaka thelathini, peke yake, akikamatwa kila siku ya Mungu. Ile sheria ya kamba Sultani aliibandua ukutani kesho yake asubuhi. Kofia haikupungua hata moja.