Kifungo cha Mjerumani

Bi Sikudhani alichoka kulala na funza kwenye chumba cha sakafu ya udongo.

"Baba mwenye nyumba, nisakafie kwa saruji."

"Udongo unakutosha, bibi," alicheka Shekiondo.

"Haya. Ila kuku kapekua hiki humu ndani." Akampa kifungo cha shaba cha jeshi la Mjerumani.

Shekiondo, aliyeota mali iliyofukiwa na Mjerumani tangu utotoni, alifunga mlango akachimba chumba kizima mpaka kiunoni. Hakupata hata kijiko.

"Shimo lote hili! Serikali ikisikia, baba?" alisema Bi Sikudhani akichungulia.

Akafukia mbio, akashindilia, akamwaga saruji juu kuficha alama, ikang'aa. Kisha akauliza, "Yule kuku alipekua upande gani hasa?"

Bi Sikudhani alinyoosha miguu sakafuni. "Kuku gani? Mimi nilifuga funza tu. Kifungo ni cha koti la marehemu babu."