Pambizo za Kitabu cha Bi Nyanzala

Nipeni masikio, nami nitawaachia kazi ya kuamua.

Tabora palikuwa na duka la uchapaji lenye watu watatu. Siwema alikuwa na jicho lisiloruka neno. Gervas alizielewa printa kama mchungaji anavyowaelewa ng'ombe wake. Mzee Hamduni alikuwa mjalidi, na kitabu alichokishona yeye hakikufumuka.

Siku moja akaja Bi Nyanzala, mkunga mstaafu, na kitabu alichokiandika na kukichora kwa mkono wake. Wakunga wa vijijini walikuwa wanakuja kukichukua siku hiyohiyo. Karatasi alizijaza mpaka ukingoni, na ndani alichora miduara ya mlango wa kizazi unavyofunguka, kwa ukubwa wake halisi.

"Msiipunguze hata kidogo," alisema. "Mkunga atapima vidole vyake hapo."

Wakachapa. Kila mtu akaona kazi ni safi, isipokuwa Siwema, aliyekaa na nakala ya mkono akilinganisha. Akafika ukurasa wa mama anayetokwa na damu.

"Shikamoo tena, bibi. Hapa chini uliandika: damu isipokatika, usingoje, mpeleke hospitali. Kwenye chapa mstari huo haumo."

Bi Nyanzala akavaa miwani. Mstari wa juu yake uliishia na nukta, hivyo ukurasa ulionekana umekamilika. Akaweka kidole mahali pale patupu.

Gervas akainama kwenye printa. "Mashine hii inajua lugha mbili za kuagizwa na kompyuta," alimweleza. "Tuliyoitumia huacha pambizo pana, na kinachoangukia humo hakichapwi. Ile nyingine hukaribia zaidi ukingo." Akabadilisha lugha, akachapa upya. Mstari ukarudi, na miduara ikabaki na ukubwa wake. Lakini lugha hiyo ilianzia kupima ukurasa mahali pengine, na maandishi yote yakasogea kushoto, kule kwenye mshono. Gervas alijaribu kuyarudisha. Kila alipoyasogeza, upande wa kulia ulikatika.

"Nikishona hapa, uzi utameza maneno," alisema Mzee Hamduni. Akachana shuka jeupe vipande vyembamba. Kila karatasi akaigandisha kwa gundi kwenye utepe wake, akashona tepe na kuziacha karatasi. Kila kitabu kikafunguka wazi mpaka kwenye uti, hakuna herufi iliyofichwa.

Wakunga walipofika walivikuta vitabu mezani. Mmoja aliweka vidole vyake juu ya mduara, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Bi Nyanzala aliwatazama wale watatu, moyo umemjaa shukrani. Akatoa mkobani pembe yake ya mbao, aliyokuwa akisikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Alikuwa nayo moja tu.

"Nilisema nitamwachia mkunga mwenzangu," alisema. "Leo mmoja wenu amestahili."

Akamnyooshea Siwema, maana bila yeye hakuna ambaye angejua kuna mama hatarini. Mkono ukasita. Kuona peke yake kusingeurudisha mstari. Gervas ndiye aliyeurudisha. Akamgeukia Gervas, akasita tena. Mstari ule ungerudi huku maneno mengine yakimezwa na uzi, kama si Mzee Hamduni. Naye Mzee Hamduni, bila wale wawili, angeshona vizuri kitabu chenye pengo.

Bi Nyanzala bado ameshika ile pembe, na watatu wamesimama mbele yake, kila mmoja akimtazama mwenzake. Ingekuwa mkononi mwako wewe unayenisikiliza, ungempa nani?