Mkundemwitu wa Kilima cha Irindi

Paukwa!

Pakawa!

Niwape ya leo au ya kale?

Ya kale, bibi, tupe!

Basi sogeeni jikoni, maharagwe bado yanachemka.

Hapo kale, juu ya kilima cha Irindi, kulikuwa na mti mdogo ambao haukuota mahali pengine popote. Watu waliuita mkundemwitu, kwa sababu maganda yake yalifanana na ya kunde, na jua likiwaka yalipasuka pa! pa! pa! Maua yake yalikuwa ya manjano. Na harufu yake, wajukuu zangu! Kama asali iliyomwagika kwenye udongo wenye mvua.

Watu wa Irindi walikuwa na wimbo wa kurudi shambani jioni. Wanawake walianza, wanaume wakaitikia, na mikundemwitu ikachanua kilima kizima.

Siku moja likaja zimwi. Likala watu, likafukuza waliobaki. Mama mmoja, Wawuda, akakimbilia bondeni na mtoto wake mchanga mgongoni. Mtoto huyo aliitwa Mghoi.

Mghoi akakulia huko bondeni. Mama yake alipopukuchua mahindi alikuwa akiimba:

*Chanua, mkundemwitu, chanua,*
*tumelima, tumechoka,*
*jua nalo linatuacha...*

Kisha hukoma ghafla.

"Mbona huumalizii, mama?"

"Umeisha hapo."

Basi miaka ikapita, Wawuda akazeeka. Siku moja akakataa kula.

"Nikuletee uji, mama?"

"Sitaki."

"Maziwa?"

"Sitaki."

"Mchuzi wa kuku?"

"Sitaki, mwanangu. Nataka kunusa mkundemwitu tu."

Mghoi akaona mama anakwisha. Asubuhi akajifunga kanga, akapanda Irindi.

Huko juu alikuta nyumba zimeanguka, na majani yameota kati ya mafiga. Mkundemwitu ulikuwa umebaki mmoja tu, hauna hata ua. Na zimwi limekaa kando yake, kubwa kama ghala.

"Nasikia harufu ya mtu!" likanguruma.

"Ni mimi, Mghoi, binti wa Wawuda. Nimefuata ua la mama yangu. Ni mgonjwa."

"Ua gani? Tangu niwafukuze watu, mti huu haujachanua. Nimeumwagilia maji, wapi! Nimeutisha, wapi! Nimeubembeleza, wapi! Haya, wewe ufanye uchanue. Ukishindwa, nakula."

Mghoi akaimba. *Chanua, mkundemwitu, chanua...* Vitumba vikatokeza, vikavimba, lakini havikufunguka.

"Malizia!" likasema zimwi.

"Umeisha hapo."

"Haujaisha! Nilikuwa nausikiliza kila jioni kutoka msituni. Wanaume waliitikia hivi." Na zimwi likaimba kwa sauti yake ya kukwaruza:

*Tupo, hatuendi popote.*

Ua moja likafunguka. Na zimwi likapungua, likawa kama fahali.

"Tena!" likasema.

Mghoi akaimba, zimwi likaitikia. *Tupo, hatuendi popote.* Tawi zima likachanua. Zimwi likawa kama mbuzi.

"Zimwi, unakwisha," akasema Mghoi.

"Naona. Lakini harufu hii nimeikosa sana. Tena!"

Mghoi akaimba, zimwi likaitikia. *Tupo, hatuendi popote.* Mti wote ukawa wa manjano. Zimwi likawa kama panzi, likaruka, likapotelea majanini.

Basi Mghoi akavunja tawi, akaokota chini maganda makavu ya zamani yenye mbegu, akayafunga kwenye pindo la kanga, akateremka mbio.

Wawuda akanusa, macho ameyafumba. Akanusa tena. Machozi yakamtoka.

"Nani alikuitikia?" akauliza.

"Zimwi, mama."

Wawuda akaliweka tawi kando.

"Pale pa kuitikia palikuwa pa baba yako," akasema. "Sauti yake ilizidi za wenzake wote. Siku ile alibaki nyuma na mkuki ili sisi tukimbie, na zimwi likamla. Ndiyo sababu nikifika pale sauti inanikauka."

Mghoi akainua tawi alitupe nje. Mama akamshika mkono.

"Liache. Ua halijamla mtu. Sasa nipe uji."

Wawuda alipopata nguvu kidogo, watu wa Irindi waliotawanyika wakaitana, wakapanda kilimani pamoja. Wawuda alibebwa. Wakafukia mbegu zile kila mahali palipokuwa na nyumba. Mvua ilipokuja mimea ikatoka, na Wawuda akawakusanya watoto mlangoni pake akawafundisha wimbo, sehemu ya wanawake na sehemu ya wanaume. Akifika pale pa mumewe, sauti ilitetemeka, lakini aliimba.

Hadithi yangu imekomea hapo, wajukuu zangu, wala sina ya kuongeza ila hili: ukimrithisha mtoto wimbo wa kwenu, mpe wote, hata pale panapokuuma.