Mvua ya Kwanza ni ya Paa

"Mvua ya kwanza ni ya paa, ya pili ndiyo ya birika." Bibi Zambeta alimtupia Anestis maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwenye soksi aliyokuwa akifuma. Mvua ilikuwa haijakatika kwa siku nyingi katika kisiwa chao kidogo cha Ugiriki, meli ya kutoka bara haikuthubutu kutia nanga, na vijana walikuwa wamejazana jikoni kwa bibi kwa sababu seredani yake ya makaa haikuzimika. Anestis peke yake hakukalika. Asubuhi ile alikuwa amegombana na baba yake, akaambiwa nyumba ile si yake, na sasa mfuko wake wa nguo ulikuwa mlangoni ukingoja meli. Alikwenda dirishani kutazama bahari, akarudi, akaenda tena.

"Bibi, kila mtu huisema methali hiyo," alisema binti mmoja. "Imetoka wapi?"

"Imetoka kichochoro hiki hiki. Na aliyeitoa alikuwa hakaliki kama huyu. Keti, Anestis, unanitia kizunguzungu. Ilianza hivi."

Zamani, kabla mabomba hayajaletwa, kila nyumba kisiwani ilikunywa maji ya paa lake. Mapaa yalikuwa bapa, yamepakwa chokaa, na kwenye pembe moja palikuwa na tundu la kupeleka maji birikani, yaani shimo kubwa lililochongwa mwambani chini ya sakafu ya jiko. Kiangazi chote hakikudondosha tone, kwa hiyo maji ya majira ya baridi ndiyo yaliyonywewa mwaka mzima. Desturi ilikuwa moja, na hata watoto waliijua. Mvua ya kwanza ikija, tundu huwa limezibwa kwa matambara, ili maji yaoshe vumbi na mavi ya njiwa na kumwagikia kichochoroni. Paa likishatakata ndipo tundu huzibuliwa.

Kaliroi alikuwa mjane aliyeishi na mkazamwana wake, Fotini. Mtoto wake wa kiume alikuwa baharia, yuko mbali, na Fotini alikuwa na mimba pevu. Mwaka ule birika lao lilikauka mapema. Katikati ya kiangazi Kaliroi alichukua mtungi, akaenda kuomba maji kwa Argiro, jirani waliyeshirikiana naye ukuta. Argiro akamjibu, "Birika langu si bahari, Kaliroi." Basi. Kaliroi akageuka na mtungi wake mtupu, akatia komeo mlangoni, na tangu siku hiyo hakumpa Argiro hata salamu. Alichota maji kwenye chemchemi ya mbali, yenye chumvichumvi, na kila alipopanda kilima na mtungi begani alilirudia neno lile moyoni, likazidi kuwa chungu.

Majira ya baridi yakafika, mawingu yakapita juu ya kisiwa bila kutua. Kaliroi akawa mtu wa kutazama mbingu. Alianza kukanda unga akauacha, alianza kushona akasahau sindano mdomoni. Alikumbuka kwamba mwaka uliotangulia mvua ya kwanza iliachwa ipite, na ya pili ikakawia mpaka watu wakakata tamaa. Mtoto angezaliwa, naye hana hata maji ya kumwogeshea. Wazo hilo halikumpa usingizi.

Alasiri moja mvua ikashuka kwa kishindo. Majirani walikaa milangoni wakitazama maji ya rangi ya kahawa yakiteremka kichochoroni, wakicheka kwa furaha. Kaliroi alikaa, akasimama, akakaa. Kila tone lililopita alilihesabu kuwa ameporwa.

"Mama, ngoja kidogo," Fotini alimwambia. "Paa bado chafu."

"Kungoja ni kwa wenye birika lenye maji," Kaliroi alijibu. Alipanda juu, akayang'oa matambara. Maji yalipoanza kuanguka birikani, sauti yake ilimlewesha kwa raha.

Mvua haikukoma. Ilinyesha siku baada ya siku, nguo hazikukauka, mkate ukaota ukungu. Birika la Kaliroi likajaa mpaka mdomoni, na likaanza kunuka. Fotini alipovuta ndoo alikuta manyoya ya njiwa yakielea. Walichemsha, wakatia majani ya mnanaa na maganda ya chungwa, lakini harufu ilikataa kuondoka, na Fotini akashikwa na tumbo. Ndipo Kaliroi alipotambua alichofanya. Maji safi, ambayo kisiwa kizima kiliyaomba, sasa yalifurika juu ya paa lake yakaenda zake, kwa sababu birika halikuwa na nafasi. Kulikomba kungetaka watu na kamba, na kungetaka akiri mbele ya kichochoro kizima kwamba amevunja desturi ambayo mtoto haivunji. Na kama angeyamwaga halafu mbingu ikafunga? Akawa anazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia, huku mvua ikimpigia kelele dirishani. Mwishowe akatega sufuria na mabakuli nje, nyuma ya nyumba, akidhani hakuna anayeona.

Siku ya pili yake Argiro akaingia bila kuitwa, na ndoo mkononi. Mumewe, Nikitas, alikuwa nyuma yake na kamba.

"Nani amekuita?" Kaliroi aliuliza.

"Sufuria zako. Mwenye birika lililojaa maji safi hategi sufuria."

Kaliroi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Wewe uliniambia birika lako si bahari."

"Nilisema. Mbuzi wangu wawili walikuwa wamekufa kwa kiu asubuhi ile, na neno la kwanza lililonitoka lilitoka na uchafu wangu wote. Jioni nilikuletea mtungi. Nikagonga, nikagonga. Ulikuwa umetia komeo."

Kaliroi aliketi. Alikumbuka kugonga kule. Alikuwa amekaa pale pale, kimya, akisema moyoni, wacha agonge.

"Mvua ya kwanza ni ya paa," alisema polepole, kana kwamba anasoma kitu kilichoandikwa ukutani.

"Na ya pili ndiyo ya birika," Argiro akamalizia. "Shika ndoo, jirani."

Walikomba mpaka mikono ikachubuka, wakasugua birika kwa chokaa. Walipomaliza, mvua ilikatika na jua likatoka, jeupe, la kukera. Na Fotini akashikwa na uchungu. Kaliroi alitazama mbingu tupu, kisha birika tupu. Lakini mitungi ilikuwa inapita mlangoni tayari, mmoja baada ya mwingine, kutoka nyumba ya pili. Mjukuu wa Kaliroi aliogeshwa kwa maji ya Argiro. Siku chache baadaye mvua ilirudi juu ya paa lililokwisha kuoshwa, na wanawake wale wawili walipanda pamoja kuzibua tundu.

Bibi Zambeta aliishia hapo, akahesabu vitanzi vya soksi yake. Anestis alikuwa bado amesimama, lakini dirishani hakwenda.

"Na kama neno la pili halikuja, bibi?"

"Basi utaondoka, mwanangu, na hakuna atakayekulaumu. Lakini asiyefungua mlango atajuaje kama limekuja?"

Nje, mtu alikuwa akipanda ngazi za mawe, taratibu, kwa viatu vizito vilivyolowa. Vijana wote walimtambua kwa kikohozi chake. Baba yake Anestis aligonga mara moja, akangoja.

"Mvua ya kwanza ni ya paa," bibi alisema, akirudi kwenye soksi yake, "ya pili ndiyo ya birika."

Anestis alivuka jiko, akauondoa mfuko wake uliokuwa umezuia mlango, akafungua.