Mshenga Aliyenyweshwa Maganda

Paukwa!

Pakawa!

Hee, sauti gani hizo, kama watu hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Sasa nawasikia. Sogeeni, wakubwa kwa watoto.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na kijiji chao bondeni, na kijiji kile kilikuwa na desturi moja. Ukila tunda, ganda unaliweka mlangoni. Si nyuma ya nyumba, si shimoni. Mlangoni! Ganda juu ya ganda, mpaka linakuwa jaa. Mpita njia akiona jaa kubwa husema, "Ala! Hawa wanakula hawa." Akiona jaa dogo hunyamaza, akifika mbele anacheka. Nzi vuuu, harufu haisemeki, lakini nani angethubutu kuliondoa? Jaa ndilo lilikuwa heshima ya nyumba.

Basi palikuwa na mjane, Bi Ngedere. Alikuwa na binti mmoja, Siwema, na kishamba kidogo nyuma ya nyumba. Udongo wake ulikuwa umechoka, hata magugu yaliota kwa taabu. Bi Ngedere akakaa, akawaza. Mbolea sina. Mume sina. Nina nini mimi? Akatazama mlangoni. Nina maganda.

Akalizoa jaa lote. Maganda ya ndizi akayakatakata, akayafukia kwenye mashina ya migomba. Ya machungwa akayaanika juani. Yakikauka anawashia moto jikoni, na jioni anayafukiza ndani, mbu wanakimbia wenyewe. Limau likishakamuliwa, ganda lake linasugua sufuria, kwaru kwaru, masizi yote yanatoka. Kikabaki nini? Hakikubaki kitu. Mlangoni kwake pakawa peupe.

Ndipo maneno yakaanza.

"Mmeona kwa Bi Ngedere? Hata ganda la kusingizia hakuna!"

"Maskini, wanalala njaa."

"Au wanakula na maganda yenyewe!"

Kha kha kha!

Bi Ngedere alisikia, na yalimchoma. Angevumilia, lakini kulikuwa na Siwema. Kijana wa Nyani alimpenda Siwema, na Siwema naye alimpenda, msimwone anainamisha macho. Kina Nyani walikuwa wakubwa pale kijijini, jaa lao limefika dirishani. Na desturi ilisema kwamba kabla ya posa, mshenga aje kwanza kuliangalia jaa la kwao binti.

Mshenga alikuwa Kunguru. Habari zikaja kwamba kesho anafika. Roho ya Bi Ngedere ikaruka! Akachukua jembe, akakimbilia kwenye migomba kufukua maganda yake ayarudishe mlangoni. Akachimba, chwa, chwa. Hakuna ganda. Akachimba tena. Hakuna. Udongo tu, mweusi, laini, una unyevunyevu. Maganda yalishageuka udongo. Akakaa chini, akalia.

"Mwanangu, nimekuharibia. Ngoja nikaazime maganda kwa Nguruwe."

"Mama, wewe! Uazime takataka?" Siwema akamshika mkono. "Wanakuja kunioa mimi au kuoa jaa? Inuka, mama. Aje atukute tulivyo."

Kesho yake Kunguru akaja. "Hodi, hodi!"

"Karibu, kaka."

Akatazama kushoto mwa mlango, akatazama kulia. Akakunja uso. Lakini kiu ilikuwa imembana, akapewa kikombe. Gu, gu, gu. Akafumba macho.

"Mashaallah! Niongeze, dada." Akaongezwa. Gu, gu, gu. "Hebu niambie, kinywaji gani hiki?"

Bi Ngedere akakipokea kikombe. Angeweza kusema ni asali. Angeweza kusema chochote. Akamtazama mwanawe, akasema kweli.

"Ni maganda ya nanasi, kaka. Nimeyaosha, nikayachemsha na tangawizi."

"Maganda!" Pyuu! Akatema. Kinywaji kile kile alichoomba kuongezwa! Akaruka juu, kwaa, kwaa, kijiji kizima kikasikia. "Wameninywesha maganda! Mshenga mzima mimi, maganda!"

Posa ikavunjika. Kijana wa Nyani hakusema ndiyo wala hapana, aliwaacha wazazi wamsemee. Hilo ndilo lililomuumiza Siwema kuliko yote. Bi Ngedere akajilaumu, akakonda. Hata hivyo kila asubuhi mama na mwana walitoka na jembe lao, wakafukia maganda yao, kimya kimya.

Kisha jua likawaka. Mvua ikakataa. Migomba ya kijiji ikanyauka, ikaanguka, puu, puu! Majaa ya milangoni yakakauka, upepo ukayapeperusha. Kwa Bi Ngedere ule udongo mweusi uliushika unyevu. Migomba yake ilisimama, na mikungu ilikuwa inaning'inia.

Siku moja akaja Mama Nyani mwenyewe, mtoto mgongoni.

"Bi Ngedere, sina uso wa kukutazama. Mtoto huyu hajala tangu jana."

Bi Ngedere alikuwa na maneno yamemjaa kifuani, ameyatunza siku nyingi. Akamtazama yule mtoto. Maneno yakaisha. Akakata chane la ndizi, akawapa, na kikombe juu. Mama Nyani akanywa chote, wala hakuuliza ni kinywaji gani.

Aliposhiba akasema polepole, "Na lile jambo la watoto wetu, nimrudishe Kunguru?"

Siwema ndiye aliyejibu.

"Mama, Kunguru mwacheni apumzike. Mwanao ana miguu, aje mwenyewe. Ila kwanza achukue jembe, akayafukie shambani maganda yaliyobaki mlangoni kwenu. Mchana, watu wakimwona."

"Watamcheka, mwanangu."

"Walinicheka mimi, na sikufa."

Mama Nyani akaenda zake. Kesho yake, jua la utosi, kijana wa Nyani alionekana shambani kwao anachimba, jasho linamtiririka, wenzake wamejipanga wanamcheka. Hakuinua kichwa. Siwema alipoona hivyo, alichukua jembe lake, akaenda kuchimba naye.

Basi, wenzangu, mafunzo yake ni haya. Kabla hujatupa kitu, kiulize kwanza kina kazi gani iliyobaki. Na usimpime mwenzio kwa kinachoonekana mlangoni kwake, wala usimwache mwingine akusemee kwa yule unayempenda.

Hadithi yangu imekomea hapo hapo. Mwenye yake na aseme.