Mtoto Aliyeambiwa Baba Kasafiri

Mpo? Kama mpo, nyamazeni mnisikilize.

Palikuwa na mtoto, Mwanamvua, aliyeng'ata watu na kuvunja vyungu. Mamake akampeleka kwa mganga. "Ana shetani," akasema mganga, na kucha za mtoto zikarefuka. Akampeleka kwa mwalimu. "Ana laana," na meno yakachongoka. Akampeleka kwa shangazi yake. "Hili ni zimwi, lipeleke kwa wenzake!" na manyoya yakamwota mgongoni.

Mama akaingia naye msituni akilia, wakakutana na zimwi. Zimwi likamuuliza jambo ambalo watu wazima wote wale, na akili zao, hawakuliuliza: "Alianza lini?"

"Siku tuliyomzika babake. Yeye tulimwambia kasafiri."

Zimwi likachutama mbele ya mtoto. "Mwanamvua, baba yako amekufa. Harudi."

Mtoto akalia, akalia, akalia, mpaka kucha zile, meno yale na manyoya yale vikapukutika.

Wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Shangazi kuwaona tu, akapiga ukelele: "Jamani, zimwi limerudi!"

Mwanamvua akauachia mkono wa mamake, akageuka, akarudi msituni kwa yule aliyemwita kwa jina lake.

Ngano yangu imeishia hapo. Na shangazi, hadi leo, husema: "Si niliwaambia?"